Nani alimtaja? Historia ya kuwasaka wachawi, kutoka Bamberg hadi Shinyanga

Karibu mwaka 785, Mfalme Charlemagne alipokuwa akiwatiisha Wasaksoni katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Ujerumani, aliwawekea raia wake wapya sheria kali. Mojawapo ilisema kwamba yeyote atakayemshika mwanamume au mwanamke, kwa imani za kipagani, akidai kuwa ni mchawi anayekula watu, kisha akamchoma moto, huyo mchomaji auawe. Zaidi ya karne nane baadaye, katika nchi hizohizo za Kijerumani, mahakimu waliosoma vyuo vikuu na maaskofu waliokuwa watawala walichoma wachawi kwa mamia. Aliyethubutu kuuliza kama ushahidi unatosha alijiweka katika hatari ya kushukiwa yeye mwenyewe.

Wengi wetu tumezoea kuisimulia habari hii kwa njia moja: zamani watu walikuwa wajinga wakaua, kisha elimu ikaja wakaacha. Tarehe hizo zinakataa. Imani kwamba mtu anaweza kumdhuru mwenzake kwa nguvu zisizoonekana ni kongwe na imeenea karibu kila bara. Mauaji ya washukiwa kwa wingi, hayo huja kwa vipindi, katika sehemu fulani, kisha hupungua au kukoma hata pale ambapo imani imebaki. Kwa hiyo kuuliza tu "kwa nini watu wanaamini uchawi" hakutufikishi mbali. Tunatakiwa kujua ni kitu gani kinaongezeka juu ya imani mpaka bikizee akakatwa mapanga usiku ndani ya nyumba yake. Nitakachotetea hapa ni kwamba kitu hicho ni njia inayokubalika ya kumtaja mtu kwa jina. Nani ana mamlaka ya kutaja, anatumia ushahidi gani, na anapata hasara gani akiwa amekosea? Ukifuatilia hayo matatu, historia hii inaanza kueleweka.

Swali ambalo hospitali haijibu

Tuanze kwa kuichukulia imani yenyewe kwa uzito. Katika miaka ya 1920 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliishi na Wazande, katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Aliona kwamba ghala la nafaka likiporomoka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini mwake, Wazande wanajua fika kuwa mchwa ndio waliokula nguzo. Wanajua pia kuwa watu wale walikaa pale kukwepa jua. Wanachotaka kujua ni kwa nini ghala lianguke saa ileile, juu ya watu walewale. Hapo ndipo uchawi unapoingia.

Mama wa kwetu aliyefiwa na mtoto anaweza kukuelezea vizuri kabisa kwamba malaria huletwa na mbu. Bado atauliza mbona watoto wa nyumba ya pili waliumwa na mbu haohao wakapona. Daktari hana jibu la swali hilo, na si kazi yake kulijibu. Uchawi unalo jibu, na jibu lenyewe lina sura ya mtu: jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba, mke mwenza, shangazi aliyenyimwa sehemu ya mahari. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayerogwa huwa hashuku mtu wa mbali asiyemjua.

Lakini kushuku si kuua. Kwa sehemu kubwa ya historia, hofu hii iliishia kwenye hirizi, zindiko la nyumba, kafara, kupatanishwa mbele ya wazee, au kuhama ukaenda kujenga kwingine. Watu wamezaliwa, wakaishi na hofu ya kurogwa, wakazeeka, na hakuna aliyeinua mkono.

Ulaya ilivyobadilisha maana ya ushahidi

Wanakijiji wa Ulaya ya Zama za Kati waliamini kabisa kuwa kuna watu wanaoweza kukausha maziwa ya ng'ombe au kuleta mvua ya mawe. Kanisa, kwa upande wake, liliona mengi ya hayo kuwa ni ndoto. Andiko maarufu la karibu mwaka 906, lililojulikana baadaye kama Canon Episcopi, liliwaambia viongozi wa dini kuwa wanawake wanaodai kusafiri usiku angani pamoja na mungu wa kike Diana wamedanganyika tu. Na mahakamani palikuwa na kizuizi kingine kilichookoa maisha ya wengi: sehemu nyingi, aliyemshtaki mwenzake alisimama kama mshtaki kwa jina lake, na akishindwa kuthibitisha aliweza kubebeshwa adhabu ileile aliyoiombea. Mtu hufikiri mara mbili.

Kizuizi hicho kiliondolewa polepole kuanzia karne ya 13, mahakama zilipoingia katika utaratibu mpya ambapo hakimu mwenyewe ndiye anayefungua uchunguzi. Mnong'ono wa kijiji ukatosha kuanzisha kesi, na aliyenong'ona hakupoteza kitu. Sheria ya wakati huo ilitaka ama mashahidi wawili walioona kwa macho, ama mshtakiwa akiri. Nani aliona uchawi kwa macho? Ikabaki kukiri, na ili mtu akiri, akateswa.

Wakati huohuo wasomi walikuwa wakibadilisha picha ya mchawi. Katika kesi za bonde la Valais, Uswisi, zilizoanza mwaka 1428, na katika maandishi ya miongo iliyofuata, mchawi aliacha kuwa mtu mmoja mwenye husuda. Akawa mwanachama wa jeshi la Shetani, aliyeingia mkataba na kuhudhuria mikutano ya usiku. Nadhani hapa ndipo balaa lilipozidi. Mchawi wa kijijini aliroga peke yake, hivyo kesi yake ilikwisha alipohukumiwa. Mchawi wa mkutanoni alikuwa na wenzake, kwa hiyo mtesaji alikuwa na swali la kuuliza tena na tena: ulimwona nani mwingine huko?

Mtu mmoja anatajwa sana katika habari hizi, naye ni Heinrich Kramer, mtawa wa Kidominiko. Mwaka 1485 aliendesha kesi ya wachawi mjini Innsbruck dhidi ya Helena Scheuberin na wanawake wengine. Alimhoji Helena mambo ya unyumba wake kwa namna iliyowachukiza hata wawakilishi wa askofu, wakasimamisha mahojiano. Kesi ikafutwa, wanawake wakaachiliwa, na Askofu Georg Golser akamtaka Kramer aondoke, akiandika kuwa mzee huyo anaonekana kuwa akili zake zimepungua. Kramer akaenda akaandika kitabu, Malleus Maleficarum, yaani Nyundo ya Wachawi, kilichotoka kati ya 1486 na 1487. Kinadai kwamba wanawake ndio wenye mwelekeo zaidi wa uchawi, na kinamfundisha hakimu namna ya kumbana mshtakiwa. Uchapaji wa vitabu ulikuwa bado mchanga Ulaya, nao ukakifikisha kitabu hicho mbali kuliko sauti ya Askofu Golser.

Hata hivyo wimbi kubwa halikuja wakati wa Kramer. Lilikuja takriban kati ya 1560 na 1630, miaka ya baridi isiyo ya kawaida, mavuno mabovu, njaa, na vita vya Wakatoliki na Waprotestanti.

Mitaa ya Bamberg

Mwishoni mwa Mei 1626, wakati mizabibu ya Franconia, kusini mwa Ujerumani, ilikuwa imeshachipua, baridi kali ilishuka ikaigandisha pamoja na nafaka mashambani. Watu walitaka kujua nani amefanya hivyo. Bamberg ilitawaliwa na askofu aliyekuwa pia mkuu wa dola, Johann Georg Fuchs von Dornheim. Mwaka 1627 akajenga gereza maalumu la wachawi, Drudenhaus. Mpaka mwaka 1631 mamia ya watu walikuwa wameuawa: wanawake maskini kwanza, kisha wake za madiwani, kisha madiwani wenyewe. Hata mkuu wa ofisi ya serikali, Georg Haan, aliyejaribu kupunguza kasi ya kesi hizo, aliuawa pamoja na watu wa familia yake.

Tunajua yaliyokuwa yakitendeka ndani kwa sababu ya barua moja. Johannes Junius, aliyekuwa meya wa Bamberg, mwenye umri wa miaka 55, alikamatwa mwaka 1628 baada ya wengine kumtaja chini ya mateso. Mke wake alikuwa ameshauawa. Julai mwaka huo, kwa mikono iliyopondwa na vyuma, alimwandikia binti yake Veronika barua iliyotolewa gerezani kwa siri. Anaanza kwa kusema kwamba ameingia gerezani bila hatia, ameteswa bila hatia, na bila hatia lazima afe. Anaeleza kuwa mnyongaji mwenyewe alimsihi abuni kitu cha kukiri, kwa sababu mateso hayataisha mpaka aseme kuwa ni mchawi.

Junius akabuni. Hapo wakamtaka awataje wenzake. Aliposema hamjui yeyote, wakampitisha mjini kwa maneno, mtaa baada ya mtaa: anzia sokoni, shuka barabara hii, rudi kwa ile, nani anakaa hapa? Kila mtaa alilazimika kutoa majina. Agosti akauawa. Walioishi katika mitaa aliyoitaja walikuwa sasa na ushahidi dhidi yao, ushahidi wa mtu mkubwa, meya.

Sijui maelezo bora kuliko hayo ya jinsi mji mzima unavyoweza kujaa wachawi. Hawakuwepo kabla ya kuulizwa. Friedrich Spee, padri Mjesuti, alichapisha mwaka 1631, bila kuweka jina lake, kitabu Cautio Criminalis, akisema waziwazi kwamba mateso ndiyo yanayozalisha wachawi Ujerumani, na kwamba kama wote hatujakiri kuwa wachawi, ni kwa sababu tu hatujateswa.

Idadi na makosa yanayorudiwa

Wanahistoria wa leo wanakadiria kuwa Ulaya iliua kwa hukumu za mahakama kati ya watu 40,000 na 60,000 kwa kosa la uchawi, takriban kati ya 1450 na 1750. Karibu nusu walikuwa katika nchi za Kijerumani. Yapata robo tatu walikuwa wanawake, wengi wao wa makamo na wazee, ingawa kulikuwa na sehemu, kama Iceland na Normandy, ambako waliouawa zaidi walikuwa wanaume. Utakutana mara nyingi na idadi ya milioni tisa. Ilitokana na hesabu ya Gottfried Christian Voigt, mwandishi Mjerumani wa mwaka 1784, aliyechukua kumbukumbu za mji mmoja mdogo akazizidisha kwa Ulaya nzima na kwa karne nyingi. Msiba wa watu elfu hamsini hauhitaji kutiwa chumvi.

Kosa jingine ni kudhani kuwa mahakama ya kidini ya Hispania, iliyoogopwa na Wayahudi na Waislamu, ndiyo iliyoua wachawi wengi. Ilifanya kinyume. Baada ya wachawi sita kuchomwa mjini Logroño Novemba 1610 kutokana na hofu iliyozuka katika kijiji cha Zugarramurdi, mmoja wa mahakimu watatu, Alonso de Salazar Frías, aliingiwa na shaka. Mwaka 1611 akatoka, akazunguka milima ya Wabasque akiwa na tangazo la msamaha kwa watakaojitokeza. Watu zaidi ya 1,800 walikuja, wengi wao watoto. Salazar akafanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: aliwahoji mmoja mmoja na kulinganisha maneno yao. Wasichana waliodai kulala na Shetani wakachunguzwa wakakutwa bikira. Dawa za kichawi zilizoletwa wakalishwa wanyama, wasidhurike. Alihitimisha kwamba hakupata dalili hata ya tendo moja la uchawi, na kwamba hapakuwa na wachawi wala waliorogwa katika vijiji vile mpaka watu walipoanza kulizungumza na kuliandika jambo hilo. Mwaka 1614 baraza kuu mjini Madrid likatoa miongozo iliyodai ushahidi wa aina hiyo, na baada yake uchomaji wa wachawi chini ya mahakama hiyo ukakoma kivitendo, wakati wimbi kubwa la Bamberg lilikuwa bado halijaanza.

Salazar alikuwa mtu wa dini aliyemwamini Shetani. Alichobadilisha ni kiwango cha ushahidi. Ndivyo ilivyokuwa kwingine. Parlement ya Paris, iliyokuwa mahakama ya juu ya rufaa, ilianza kulazimisha kesi zote za uchawi katika eneo lake zikatiwe rufaa kwake, na hukumu nyingi za kifo zikaanguka huko. Salem, Massachusetts, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa na mzee mmoja, Giles Corey, akafa kwa kukandamizwa na mawe kwa kuwa alikataa kujibu shtaka. Kesi zile zilitegemea ushahidi wa wasichana waliosema wameona kivuli cha mshtakiwa kikiwajia. Gavana William Phips alipoivunja mahakama ile, na mahakama mpya ikakataa ushahidi wa vivuli, karibu wote waliofuata wakaachiwa. Wakazi wa Salem hawakuacha kumwamini Shetani kati ya Septemba na Januari.

Sheria iliyovuka bahari

Mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilifuta sheria zake za kuua wachawi na kuweka mpya: kuanzia hapo hakuna aliyeweza kushtakiwa kwa kuroga, na kosa lilikuwa kujifanya una uwezo wa uchawi. Sheria haikuutambua uchawi, iliutambua udanganyifu.

Wazo hilo ndilo Waingereza waliloleta Afrika Mashariki. Kenya ilipata sheria yake ya uchawi mwaka 1909 na nyingine mwaka 1925, Tanganyika mwaka 1922 na kisha 1928. Kwa mtazamo wa London zilikuwa sheria za kuwalinda watu. Kijijini zilipokelewa tofauti. Kabla ya hapo tuhuma zilikuwa na pa kupelekwa: kwa mtemi, kwa wazee, au kwenye mwavi, ile dawa ya sumu ambayo mtuhumiwa aliinywa, akiitapika yu safi, akifa ni mchawi. Sitaupamba mwavi, uliua watu wasio na hatia. Lakini ulikuwa hadharani, chini ya mamlaka inayojulikana. Serikali iliupiga marufuku, ikapiga marufuku pia kutuhumu, na kwa yule aliyeamini kuwa mwanawe amerogwa ilikuwa kana kwamba Mzungu ameamua kuwakinga wachawi.

Mgongano huo ulionekana wazi Kenya mwaka 1932, Wakamba 60 walipohukumiwa kunyongwa kwa kumpiga mpaka kufa mwanamke waliyemshuku kuwa mchawi. Kwao walikuwa wametekeleza hukumu halali ya jamii. Mahakama iliona mauaji ya kukusudia. Hukumu hizo za kifo baadaye zilibadilishwa, lakini swali lililobaki halikujibiwa: tuhuma ipelekwe wapi?

Usukuma

Tanzania Bara inalijua jambo hili kwa jina la mauaji ya vikongwe. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, zaidi ya nusu yao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mara nyingi aliyeuawa alikuwa mjane anayeishi peke yake. Waliokuja walikuwa wakata mapanga, vijana wa kukodiwa, na walikuja usiku.

Ukiuliza sababu utaambiwa macho mekundu. Maelezo yanayofuata pia yanajulikana: mama amepika miaka arobaini kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, moshi umemharibu macho. Ni kweli, lakini naona maelezo hayo yametushibisha mapema mno. Usukumani karibu kila mwanamke mzee alipikia moshi huo, na walio wengi walikufa kwa maradhi yao wenyewe. Macho mekundu yalithibitisha jina ambalo lilikuwa limekwisha kutajwa. Jina lilitoka kwa mpiga ramli.

Mtiririko wenyewe umesimuliwa katika kesi nyingi mahakamani. Mtoto anakufa, au ng'ombe wanakufa mfululizo. Familia inakwenda kwa mganga, mara nyingi wa mbali ili asiwe na upendeleo. Mganga anatazama, kwa Wasukuma mara nyingi kwa kumpasua kuku, halafu anaanza kutoa dalili: ni mwanamke, ni mtu mzima, nyumba yake iko upande wa magharibi, mnashirikiana naye kisima. Wateja wenyewe wanamalizia kwa kulitamka jina, kwa kuwa shuku walikuja nayo. Wanaondoka wakiwa na hakika. Kama bikizee huyo ana shamba ambalo mtoto wa kaka wa marehemu mumewe analitaka, hakika hiyo inapata mtu wa kuilipia. Watanzania wana jina la kazi hii, ramli chonganishi, na wako waganga wengi wanaotibu bila kuigusa.

Kwa nini miaka ya 1970? Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyelichunguza jambo hili kwa kina, ameonyesha mambo mawili ambayo nayaona mazito. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Watemi wa zamani walikuwa wakizipokea tuhuma, na aliyeonekana kuwa na kosa mara nyingi alifukuzwa nchi badala ya kuuawa. Kisha Operesheni Vijiji ikawakusanya watu waliokuwa wamezoea kujenga kaya zao mbalimbali, kila mmoja na malisho yake. Mliogombana zamani mliweza kuhamana. Sasa mlipangwa nyumba kwa nyumba, na kila msiba ulitokea mbele ya jirani ambaye hukumchagua. Machifu hawapo, njia ya kuhama imefungwa, mahakama haiwezi kusikiliza kesi ya kurogwa. Mtu pekee aliyebaki na mamlaka ya kusema "ni fulani" alikuwa mganga.

Serikali ilipoamua kuyakomesha mauaji hayo katikati ya miaka ya 1970, ilifanya jambo ambalo mtu aliyesoma barua ya Junius hawezi kulipita haraka. Maofisa wa polisi na usalama waliwakamata washukiwa wa mauaji Mwanza na Shinyanga, wakawatesa ili wakiri na kuwataja wenzao. Baadhi wakafia mikononi mwao. Habari zilipojulikana, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977, na maofisa wakafikishwa mahakamani. Tunapenda kukumbuka kujiuzulu kwa Mzee Mwinyi kama mfano wa uwajibikaji, na ni mfano mzuri kweli. Waliokufa wanakumbukwa kidogo, ingawa waliteswa kwa imani ileile ya Bamberg, kwamba mtu akiumizwa vya kutosha ukweli utatoka.

Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyotikisa kanda hiyohiyo kuanzia miaka ya 2000, ni jambo jingine. Mwenye ualbino hakutuhumiwa kuroga; alitafutwa kwa ajili ya viungo vyake. Yanakutana kwenye mlango wa mganga tu, na ndiyo maana serikali iliwafutia waganga leseni mwaka 2009 na kuanza kukamata wapiga ramli mwaka 2015.

Wanaotajwa ni wengine, utaratibu ni mmoja

Kilifi, pwani ya Kenya, mvi zimechukua nafasi ya macho mekundu. Wengi wanaoshambuliwa ni wazee wa kiume wenye ardhi ya ukoo, na wanaowatuhumu mara nyingi ni vijana wa nyumba zao wanaosubiri kuirithi. Huko Kaya Godoma, Ganze, kuna makao ambako wazee waliotishiwa wamekimbilia, wakiacha mashamba ambayo ndiyo yaliyoleta tuhuma. Kongo, hasa Kinshasa, wanaotajwa ni watoto: yatima, mtoto wa kambo, mtoto anayekojoa kitandani. Huko mwenye kutaja mara nyingi ni mchungaji wa kanisa la maombezi, na mtoto aliyetajwa huishia mtaani. Jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza mahsusi juu ya madhara ya tuhuma za uchawi.

Mjane wa Shinyanga, mzee wa Kilifi, mtoto wa Kinshasa. Hawafanani umri wala jinsia. Wanachofanana ni kwamba kila mmoja ni mtu ambaye familia, katika hali yake ya sasa, inaona afadhali asingekuwepo, na kila mmoja ametajwa na mtu asiyewajibika kwa alichosema.

Ulanga walinyoa

Kusini ya Morogoro, katika kijiji cha Ihowanja, eneo la Ulanga, kulikuwa na mama mashuhuri aliyeitwa Bibi Kalembwana, ambaye watu walisafiri kwenda kwake "kunyolewa uchawi". Mwanaanthropolojia Maia Green ameuandika utaratibu huo vizuri. Aliyetuhumiwa anapelekwa, ananyolewa nywele, anapewa dawa, na anarudi nyumbani akihesabiwa kuwa hawezi tena kuroga. Jambo la ajabu ni kwamba hakwenda peke yake. Aliyemtuhumu naye hunyolewa, pamoja na ndugu. Wote wanapita kwenye wembe mmoja na kurudi kijijini wakiwa na vichwa vinavyofanana.

Sisemi tuufanye huo kuwa sera ya taifa. Kumnyoa mtu kwa kosa lisilothibitishika ni kumdhalilisha, na wapo waliopelekwa kwa nguvu. Lakini ukiutazama kwa maswali matatu ya mwanzo wa makala haya, unaona tofauti kubwa na ramli ya usiku. Tuhuma ina mahali pa kupelekwa. Mwenye kutuhumu analipa kitu. Na mtuhumiwa anarudi nyumbani akiwa hai.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, kifungu cha 6, inamfanya kuwa na kosa mtu yeyote anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi mahali popote isipokuwa mbele ya polisi, chifu au ofisa wa serikali. Kwa kifungu kama hicho hakimu hana haja ya kuamua kama uchawi upo au haupo, wala daktari hana haja ya kueleza mtoto alikufa kwa nini. Kinachotakiwa ni shahidi aliyekuwepo kwa mganga, kanisani au kwenye kikao cha ukoo wakati jina lilipotamkwa. Katika kesi nyingi za mauaji haya shahidi huyo anajulikana, kwa sababu ni ndugu wa wale walioshika panga, na polisi wanapofika nyumbani kwa marehemu asubuhi swali linaloweza kuwapeleka mpaka kwake ni moja: nani alimtaja kwanza, na alikuwa wapi alipomtaja?